Programu Moja, Mahali Patatu

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Lushoto

Mwenyekiti wa kikundi ahakikishe kwamba kila mtu anasikia vizuri. Katibu awe na kalamu na karatasi, maana leo kuna maneno machache ya kuandika, na mwisho wa somo kuna maswali ya kuzungumza.

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kwamba programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Leo tutaeleza habari za mipangilio. Mipangilio ni yale mambo ambayo programu huambiwa ikishafika mahali pake pa kazi: taarifa zake ziko wapi, ipite mlango gani kwenda kwenye kampuni ya simu, itumie ufunguo gani, na saa ya hapo ni ipi.

Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo ni mambo ya mafundi." Sivyo, ndugu yangu. Siku hizi chama cha wakulima huweza kumlipa kijana aliyesoma kompyuta akiundie programu ya kuandika mizani ya mboga na kulipa watu kwa simu. Zahanati nazo taarifa zao za mwezi huishia katika kompyuta. Mipangilio ikiwekwa vibaya, fedha ya mkulima huweza kwenda pasipostahili, au siri ya mgonjwa ikatoka nje. Kwa hiyo hata asiyejua kuandika programu hana budi ajue maswali ya kumwuliza fundi kabla ya kumkabidhi kazi ya watu.

Mbegu moja, mashamba mbalimbali

Tuanze na jambo tunalolijua sote, yaani shamba. Mtu wa Mombo, kule chini kwenye joto, na mtu wa Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, huweza kununua maharage ya mbegu kutoka gunia moja. Mbegu haibadiliki njiani lori linapopanda kona za Soni. Lakini siku ya kupanda, maji, mbolea na siku ya kuvuna hubadilika. Mkulima wa Lushoto hatafuti mtu wa kuifumua mbegu na kuiunda upya. Hubadilisha matunzo yake, na mbegu huiacha kama ilivyo.

Historia ya milima yetu ina funzo juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1890 makampuni ya Kijerumani yalifyeka msitu katika Usambara ya Mashariki, yakapanda kahawa. Wenye makampuni waliiona miti mirefu, wakadhani kwamba udongo wake una rutuba isiyokwisha. Miaka ya kwanza kahawa ilisitawi, kisha ikadhoofika, na mali nyingi ikapotea, kwa kuwa udongo wenyewe ulikuwa hafifu kuliko ulivyoonekana. Walipanda mashamba makubwa kabla ya kujaribu.

Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale Amani, katika milima hiyo hiyo. Huko ililetwa mimea ya nchi nyingi, pamoja na mkwinini ambao ganda lake hutoa dawa ya malaria. Wataalamu hawakuipanda mahali pamoja tu. Walikuwa na mabustani ya majaribio juu mlimani na mengine chini katika bonde la Sigi, ili waone kila mmea unafaa wapi. Yashikeni mambo mawili katika habari hii. Kwanza, kujaribu hutangulia kupanda. Pili, bustani ya majaribio haina maana ikiwa haifanani na shamba litakalopandwa.

Mahali patatu pa programu

Programu nayo hupita mahali patatu kabla ya kuwafikia watu.

Mahali pa kwanza ni kompyuta ya fundi mwenyewe. Hapo tutapaita kitalu. Fundi huandika, hufuta, huharibu na kutengeneza tena, wala hapana mtu anayeumia.

Mahali pa pili ni shamba la majaribio. Hapa programu huwekwa katika kompyuta nyingine, na watu wachache, mathalan katibu na mweka hazina wa chama, huijaribu kama vile ni kazi ya kweli. Majina yaliyomo ni ya kubuni, na fedha ni za kubuni.

Mahali pa tatu ni shamba lenyewe, penye mavuno. Wakulima wa kweli, kilo za kweli, shilingi za kweli.

Mafundi huyaita haya mazingira: mazingira ya utengenezaji, mazingira ya majaribio na mazingira ya kazi. Kanuni kubwa ya somo letu ni hii: programu iwe moja mahali pote patatu, na kitakachobadilika kiwe ni mipangilio peke yake. Ikiwa fundi anaifungua programu na kuyabadilisha maagizo yake kila anapoihamisha, basi ile iliyojaribiwa siyo ile inayofanya kazi. Ni sawa na kupima mbegu moja Amani na kuwauzia watu mbegu nyingine.

Je, tutajuaje lipi ni la programu na lipi ni la mipangilio? Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha wakulima wa mboga. Programu yake huandika kilo za kabichi, karoti na viazi, kisha humlipa mkulima kwa simu. Ndani ya kazi hiyo mna mambo ya aina tatu. Hesabu ya kutoa uzito wa kreti na kuzidisha kilo zilizobaki kwa bei haibadiliki popote. Hiyo ni ya programu. Bei ya kabichi hubadilika kila siku ya soko, naye karani huiandika asubuhi. Hiyo ni taarifa, na hukaa katika ghala la taarifa. Lakini mahali lilipo hilo ghala, na mlango wa kupitishia malipo, hubadilika programu inapohamishwa kutoka kitalu kwenda shambani. Hayo ndiyo mipangilio. Basi ulizeni swali moja tu: "Je, jambo hili hubadilika kwa sababu tumehama mahali?" Jibu likiwa ndiyo, liwekeni katika mipangilio.

Katibu aandike orodha hii. Ni mipangilio ya chama chetu cha mfano katika shamba la majaribio:

JINA_LA_MAHALI = majaribio
GHALA_LA_TAARIFA = ghala la majina ya kubuni
LANGO_LA_MALIPO = mlango wa majaribio
UFUNGUO_WA_MALIPO = ufunguo wa majaribio
SAA_ZA_ENEO = Africa/Dar_es_Salaam
SEKUNDE_ZA_KUNGOJA = 30

Programu ikihamia shamba lenyewe, majina ya upande wa kushoto yanabaki vile vile. Upande wa kulia ndio unaobadilika: jina la mahali litakuwa "kazi", ghala litakuwa lile lenye majina ya wanachama, na mlango na ufunguo vitakuwa vile vya fedha halisi. Programu haijui, wala haina haja ya kujua, kwamba imehama. Husoma jina la kushoto, ikatumia kilichoandikwa kulia.

Mipangilio hukaa wapi?

Mipangilio hukaa nje ya programu. Njia moja ni ya zamani. Mfumo wa kompyuta uitwao Unix, katika toleo lake la saba la mwaka 1979, ulikuwa na njia ya kuipa kila programu orodha ya majina na thamani zake wakati inapoanzishwa. Njia hiyo hutumika hadi leo. Mwaka 2011 Adam Wiggins, wa kampuni ya Marekani iitwayo Heroku, alichapisha kanuni kumi na mbili za kutengeneza programu za mtandaoni, na kanuni ya tatu ni hii hii: mipangilio ikae katika mazingira, isiandikwe ndani ya programu. Alitoa na kipimo chake. Jiulize, je, maandishi yote ya programu yangeweza kutolewa hadharani sasa hivi, watu wote wayasome, bila kufichua ufunguo hata mmoja? Kama sivyo, kazi ya kutenganisha bado haijakwisha.

Njia ya pili ni faili ndogo ya mipangilio inayokaa katika kompyuta ya mahali hapo. Mfano mzuri tunao nchini mwetu. Taarifa za huduma za afya, zile za MTUHA zinazoanzia katika madaftari ya zahanati na vituo vya afya, hukusanywa katika mfumo uitwao DHIS2. Mfumo huu husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norwe, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika kuuweka hapa kwetu. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umeenea katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Programu hii hutumika katika nchi zaidi ya 70. Je, kila nchi huiandika upya? La. Programu inapoanza hutafuta jina DHIS2_HOME, ambalo huionyesha folda yake. Ndani ya folda hiyo husoma faili iitwayo dhis.conf. Humo ndimo mna anwani ya ghala la taarifa, jina la mtumiaji wa ghala na neno lake la siri. Programu ni ile ile; faili hiyo ndogo huiambia ghala la kufungua. Na wenye mfumo wanaagiza kwamba faili hiyo isomwe na mwenyewe tu katika kompyuta hiyo, si kila mtu apitaye.

Programu isibahatishe

Sasa tufikiri jambo linalotokea mara nyingi. Fundi ameihamisha programu, lakini amesahau kuandika mstari mmoja, tuseme LANGO_LA_MALIPO. Programu ifanye nini?

Fundi mzembe huipa programu jibu la akiba. Huiambia, "Usipoona lango lolote, tumia lango la fedha halisi." Siku mstari huo ukisahauliwa kule kwenye majaribio, katibu atabonyeza kitufe akijua anajaribu, kumbe fedha ya chama inatoka. Fundi mwangalifu huiagiza programu isimame, ikatae kuanza, na iandike waziwazi: "Sikuona LANGO_LA_MALIPO." Programu iliyosimama asubuhi huleta usumbufu wa nusu saa. Programu inayobahatisha huweza kuleta kesi. Na kama ni lazima pawe na jibu la akiba, basi liwe lile lisilomdhuru mtu.

Tena kumbukeni kwamba programu nyingi husoma mipangilio mara moja tu, wakati wa kuanza. Ukibadilisha mstari na programu ikaendelea kama zamani, usidhani imekataa. Izime, kisha iwashe tena.

Milango miwili ya malipo

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Baadaye kampuni za simu zikawafungulia mafundi njia ya kuunganisha programu zao na malipo, nazo ziliweka milango miwili kwa sababu ile ile tunayoieleza leo. Safaricom ya Kenya ina anwani sandbox.safaricom.co.ke kwa majaribio, na api.safaricom.co.ke kwa kazi halisi. Katika njia ya Vodacom anwani ya mbele ni moja, openapi.m-pesa.com, lakini njia ya ndani hutofautiana: yenye neno sandbox ni ya majaribio, na yenye neno openapi ni ya fedha za watu. Tofauti ni neno moja tu. Katika mipangilio hiyo hiyo huandikwa pia soko na aina ya fedha: kwetu ni TZN na TZS.

Mkiona jinsi tofauti ilivyo ndogo, mtaelewa kwa nini neno hilo halifai kufichwa katikati ya maelfu ya mistari ya programu, ambamo mweka hazina hataliona kamwe. Likae katika orodha fupi, mahali pamoja, ambapo hata asiye fundi anaweza kuonyeshwa kwa kidole: hapa ni majaribio, hapa ni kazi.

Hasara ya kuchanganya

Msifikiri kwamba makosa haya hufanywa na wanyonge tu. Tarehe 13 Januari 2018, katika visiwa vya Hawaii huko Marekani, simu za watu zilipata onyo la serikali kwamba kombora linakuja, na kwamba hayo si mazoezi. Hapakuwa na kombora lolote. Zikapita dakika 38 kabla ya ujumbe wa kusahihisha kufika katika simu hizo, na wakati huo wazazi walikuwa wakiwaficha watoto wao. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilipochunguza iliona kasoro kadhaa, na moja ilikuwa hii: programu ya kutoa maonyo haikutenganisha mahali pa mazoezi na mahali pa kazi. Onyo la mazoezi na onyo la kweli vyote vilitumwa katika ukurasa ule ule, kwa neno la siri lile lile.

Mfano wa pili. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika usiku na ghala la taarifa lililokwama. Palikuwa na kompyuta mbili, moja ya kazi na nyingine ya nakala. Alikusudia kufuta folda katika ile ya nakala, akafuta katika ile ya kazi. Taarifa za muda wa saa sita hivi zilipotea kabisa. Miongoni mwa mambo waliyoamua baadaye ni kwamba kila kompyuta ionyeshe waziwazi, pale pale fundi anapoandika amri, ni kompyuta ipi na ya mahali gani. Nasi tujifunze: ule mstari wa JINA_LA_MAHALI usiwe wa urembo. Programu iusome na kuuonyesha juu ya ukurasa kwa rangi, mathalan kijani kwa majaribio na nyekundu kwa kazi, ili katibu ajue amesimama shamba gani.

Funguo haziwekwi ndani ya mbegu

Sasa tuje kwenye funguo na maneno ya siri. Mafundi huhifadhi maandishi ya programu katika mahali pa pamoja mtandaoni, ambapo wenzao huyasoma na kuyarekebisha. Ni desturi nzuri. Lakini ufunguo ukiandikwa humo, kila aingiaye ameukuta. Mwaka 2016 wezi waliingia katika hifadhi ya faragha ya maandishi ya kampuni ya Uber, wakakuta humo funguo za ghala la taarifa, wakachukua habari za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni ilikuja kusema hadharani mwezi Novemba 2017.

Kwa hiyo fundi wenu afanye hivi. Katika maandishi ya programu aweke faili ya mfano tu, yenye majina ya upande wa kushoto, na upande wa kulia mtupu. Hiyo husaidia fundi mwingine ajue ni mistari gani inayotakiwa. Faili yenye thamani zenyewe ibaki katika kompyuta ya kazi, isitumwe kwa barua pepe wala katika kundi la WhatsApp la chama. Na ikitokea kwamba ufunguo umeandikwa ndani ya maandishi kwa bahati mbaya, kuufuta mstari hakutoshi. Vyombo vya kuhifadhi maandishi, kama Git, hukumbuka kila toleo la zamani. Dawa ni kubadilisha kitasa, yaani kuufuta ufunguo wa zamani kwenye kampuni ya simu na kuomba mpya.

Funguo za majaribio na za kazi zisiwe sawa hata siku moja. Zikiwa mbalimbali, mtu akikosea mlango, ufunguo wake utagoma.

Taarifa nazo zina mahali pake. Wengine, wakitaka majaribio yafanane na kazi, hunakili majina ya wagonjwa au wanachama wakayamwaga katika ghala la majaribio. Hilo si sawa. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mama aliyeandikwa katika daftari la kliniki hakuruhusu jina lake lichezewe na wanafunzi wa kompyuta. Wingi wa mistari ufanane, aina ya ghala ifanane, toleo la programu liwe lile lile. Lakini majina yawe ya kubuni.

Milima yetu na mipangilio yetu

Kuna mipangilio miwili ambayo watu wa huku wanapaswa kuiangalia hasa.

Wa kwanza ni saa. Kompyuta nyingi za kuwekea programu za mtandaoni hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Siku yake hugeuka wakati sisi tuna saa tisa usiku. Sasa lori la kabichi la kwenda Dar es Salaam likipakiwa saa nane usiku, usiku wa kuamkia Jumanne, programu itaandika kwamba mzigo ni wa Jumatatu. Bei ya Jumatatu na ya Jumanne zikitofautiana, mkulima atalipwa bei isiyo yake, na ugomvi utamwangukia karani asiye na kosa. Ndiyo sababu tuliandika SAA_ZA_ENEO katika orodha.

Wa pili ni muda wa kungoja. Fundi akijaribu programu mjini, penye mtandao wenye kasi, jibu la malipo hurudi upesi, naye huandika SEKUNDE_ZA_KUNGOJA kuwa 5. Programu ikipanda kijijini, nyuma ya mlima ambako mtandao huja na kutoweka, jibu huchelewa. Sekunde tano zikipita, programu hudhani malipo yameshindikana, hujaribu tena, na mkulima mmoja hulipwa mara mbili. Ongezeni muda, lakini msitegemee muda peke yake. Kila malipo yawe na namba yake isiyorudiwa. Jibu likichelewa, programu iulize kwanza, "Malipo ya namba hii yamekwisha kupita?" kabla ya kutuma tena. Hiyo ni kanuni ya programu, si mpangilio, nayo ifanye kazi mahali pote. Na mnapojaribu, jaribuni kule mtandao ulipo mbovu. Msiyafanyie majaribio yote mjini kisha mkashangaa kijijini.

Mwisho, wekeni daftari. Kila anayebadilisha mpangilio katika mahali pa kazi aandike tarehe, mstari alioubadilisha, sababu, na jina lake; na mstari wa fedha usibadilishwe na mtu mmoja, bali wawili washuhudie. Ufunguo wenyewe usiandikwe katika daftari hilo. Andikeni tu kwamba umebadilishwa.

Muhtasari na maswali

Basi, tukumbuke mambo haya matano:

1. Programu iwe moja. Mipangilio ndiyo ibadilike kwa mahali.
2. Mipangilio ikae nje ya programu, katika orodha fupi iliyo wazi.
3. Mpangilio ukikosekana, programu isimame, isibahatishe.
4. Funguo za majaribio na za kazi zitengwe, na zote zisiandikwe ndani ya maandishi ya programu.
5. Mahali pa majaribio pafanane na mahali pa kazi katika kila kitu, isipokuwa majina, fedha na funguo za watu.

Sasa redio itanyamaza kidogo. Mwenyekiti, ongoza mazungumzo kwa maswali haya:

Swali la kwanza. Katika chama chenu, au zahanati iliyo karibu nanyi, ni kazi gani zinazofanywa kwa kompyuta au simu? Katika kila kazi, tajeni jambo moja la programu, moja la taarifa, na moja la mipangilio.

Swali la pili. Kijana amewaletea programu ya malipo, anasema, "Nimekwisha ijaribu nyumbani kwangu, inafanya kazi." Mtamwuliza nini kabla hamjampa ufunguo wa fedha za chama?

Swali la tatu. Fundi wenu wa zamani amehama, naye alijua ufunguo wa malipo. Ni nani kati yenu atakayekwenda kwenye kampuni ya simu kuubadilisha, na lini?

Swali la tatu lijibiwe kwa jina la mtu na tarehe, katibu aandike. Vikundi ambavyo vina programu tayari, mwombeni fundi awaonyeshe orodha ya mipangilio kwa macho yenu, huku ameziba thamani za funguo. Akishindwa kuwaonyesha kwa kuwa kila kitu kiko ndani ya programu, mwambieni arudi kitaluni akatenganishe kwanza.

Katika somo lijalo tutaeleza namna ya kuweka nakala za taarifa, na kwa nini nakala ambayo haijajaribiwa kurudishwa bado si nakala.